Kumbe Hukupenda Mbio

Mwanangu Riziki,

Assalaam alaikum. Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, nami hali yako naisikia kutoka hapa barazani. Uko chumbani unabishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema Dodoma kuna baridi, wewe unasema begi limejaa. Sitaingilia. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema na atayarudia kesho stendi. Mimi nina jambo moja tu, na mdomo umenishinda kulisema tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu alasiri na karatasi za shule na kalamu nyekundu, maana ya bluu sijui mmeiweka wapi.

Bado nimeduwaa, mwanangu. Nakuambia mapema ili uisome barua hii ukijua imeandikwa na mtu ambaye akili yake haijakaa sawa. Shuleni naitikia salamu, nafundisha, napuliza filimbi, watoto wanapanga mistari. Halafu nasimama katikati ya uwanja nimesahau nilitaka kusema nini.

Ijumaa ile nilirudi kutoka msikitini na furaha yangu. Jana yake mwalimu wa michezo wa chuo unachokwenda alikuwa amenipigia simu. Alisema amesikia habari zako, nafasi yako katika timu ya mbio ipo, ufike tu. Nikaenda dukani nikakununulia spaiki, viatu vile vya mbio vyenye misumari chini, ambavyo hujawahi kuvaa vipya maisha yako yote. Nikavifunga kwa karatasi ya zawadi. Mama yako alikuwa amepika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, shangazi yako Mwanaidi amekuja kukuaga. Nikakuwekea kile kifurushi mbele ya sahani yako, nikasema, "Haya, fungua."

Ukafungua. Ukavitazama, ukapitisha kidole kwenye misumari. Kisha ukavirudisha kwenye boksi taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Baba, naomba nisiende navyo."

"Havikutoshi?"

"Vinanitosha."

"Basi ni rangi. Tutabadilisha."

"Si rangi, Baba. Mimi sipendi kukimbia." Hukupandisha sauti. "Sijawahi kupenda."

Shangazi yako aliacha kutafuna. Mimi nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni utani, na utani wenyewe nikauona mzuri. Mtu aliyekimbia tangu hajaanza shule, akawaacha wenzake wa mkoa mzima nyuma, anasemaje hapendi kukimbia? Nikamtazama mama yako ili tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anakutazama wewe, kama mtu anayemwangalia mwenzake akivuka barabara yenye magari.

Ndipo nikakuuliza, "Sasa miaka yote hii ulikuwa unakimbia kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo ilikuwa saa yangu na wewe," ukasema. "Nyumbani ulikuwa unasahihisha madaftari, au uko na timu za shule. Uwanjani ulikuwa unanitazama mimi."

Nilinyanyuka. Nadhani nilisema nakwenda kunawa. Sikunawa. Nilipita uani nikatoka kwa mlango wa nyuma, na kandambili za chooni miguuni, nikatembea. Nimefundisha watoto wa watu kukimbia mpaka wengine sasa wana watoto wao. Ukinionyesha mtoto kwa mbali nitakuambia huyu anavuta pumzi vibaya, yule kiatu kinambana. Wewe nilikuwa nawe kila asubuhi tangu ukiwa na meno ya utoto, na nilikuwa sijui kitu. Sijui kitu kabisa. Nilikuwa nairudia rudia sentensi hiyo njiani kama mwendawazimu.

Nilijikuta Ngamiani, Barabara ya Nane, jua la utosi. Kijana mmoja akapiga kengele ya baiskeli, akasimama. Nilimfundisha zamani, sasa anauza vipuri.

"Shikamoo, mwalimu. Unakwenda wapi na jua hili?"

"Sijui," nikamwambia.

Akanitazama usoni, akaziona na zile kandambili. Akasema, "Panda keria, mwalimu, nikurudishe nyumbani." Nikapanda keria ya baiskeli ya mwanafunzi wangu, mtu mzima mimi, nimeshika kiti chake kwa mikono miwili. Tulipofika Chumbageni akauliza, "Na binti bado anatimua mbio?" Nikamwambia aniteremshe pale mlangoni.

Wewe ulikuwa umeingia chumbani. Mama yako alikuwa anaosha vyombo.

"Mama Riziki, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

Akafuta mikono kwa kanga, akanigeukia. "Nilikuambia. Nilikuambia mwaka ule alipougua malaria ukamtoa kitandani kabla hajapona vizuri. Nilikuambia alipoanza kidato cha tatu. Ukanijibu mtoto akilalamika ndiyo mwili unajengeka. Nikasema, basi, siku moja atakuambia mwenyewe, na siku hiyo utasikia."

Hiyo ilinipiga kuliko maneno yako. Maneno yako nilikuwa sijawahi kuyasikia. Ya mama yako niliyasikia yote, na hata sasa nayakumbuka, mpaka mahali alipokuwa amekaa alipoyasema. Masikio yangu yalikuwa mazima. Sijui mtu husikiaje jambo namna ile na lisiingie.

Tangu hapo mambo ninayoyakumbuka yamegeuka sura. Ni kama mtu ananirudishia kila picha ya albamu na kuniambia, tazama tena. Kuna ile asubuhi ulitapika nyuma ya magoli. Nilikuwa nikiwasimulia walimu wenzangu habari ile kwa fahari, kwamba nilikuambia, "Vizuri, sasa tumefika," ukajifuta mdomo ukaendelea. Sasa naona mtoto anatapika na baba yake anasema vizuri. Kuna na yale mashindano ya mkoa kule Korogwe. Ulishinda ukaanza kulia, nikakuinua juu, nikawaambia watu haya ni machozi ya furaha. Jumapili, siku mbili baada ya ile Ijumaa, nilipopata ujasiri nikaja kukaa mlangoni pako, nilikuuliza juu ya siku hiyo. Ulikuwa unakunja nguo. Ukasema, "Nilidhani nimeshashinda, basi yamekwisha. Ndipo ukaniambia sikioni, sasa ndiyo tunaanza."

Nilisema hivyo kweli. Nakumbuka nilivyoona ni maneno mazuri.

Nimejiuliza yote haya yalianzia wapi. Nadhani yalianzia Pongwe, kwa bibi yako. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Walikuja wageni kutoka Muheza, bibi akasema kuku akamatwe, na kuku mwenyewe jogoo mjanja. Ulimfukuza peku kuzunguka nyumba, mara ya kwanza, mara ya pili, ukamdaka kwa bawa. Mimi nilisimama ghafla, chai ikanimwagikia kanzu. Bibi yako akasema, "Kaa chini wewe. Mtoto anakamata kuku huyo, hashindani na mtu." Ulikuwa unacheka mpaka huwezi kusimama, na jogoo anakupiga mabawa usoni. Mimi kicheko sikukiona. Niliona miguu. Wiki iliyofuata nikakuamsha na giza nikakupeleka uwanjani, na nadhani hukucheka tena ukiwa unakimbia.

Unajua nilikuwa mkimbiaji chuoni, maana nimekuambia mara nyingi kuliko ulivyotaka. Niliyokuwa sikuambii ni jinsi kulivyokuwa baada ya mbio. Kesho unakwenda kuishi maisha yale ya bweni na mihadhara, kwa hiyo nakusimulia.

Nilifika chuo nikiwa mtoto wa Pongwe asiye na kitu, lakini miguu ilinitangulia. Mwezi haukwisha nikawa na jina. Wasichana walinijua, wapishi wa bwalo waliniongezea nyama, wahadhiri waliniruhusu kuchelewesha kazi. Nilikuwa sina rafiki hata mmoja, ila sikujua hivyo, kwa sababu kila niendako niliitwa. Mwaka wa pili, jioni moja ya mazoezi, nilisikia kitu kimekatika nyuma yangu, kama mtu amevunja ukuti mkavu, na papo hapo nikahisi mtu kanipiga teke la kisigino. Niligeuka kwa hasira nimwone nani. Hapakuwa na mtu. Uwanja mtupu nyuma yangu. Nilikuwa nashangaa bado nilipoanguka. Ule mshipa mkubwa wa kisigino ulikuwa umekatika.

Mguu ulitiwa plasta ngumu mpaka gotini. Wiki ya kwanza timu nzima ilikuja kuniona. Wiki ya pili alikuja mmoja, naye alikuja kuchukua fulana ya mashindano, kwa kuwa kuna aliyechukua nafasi yangu. Baada ya hapo hakuja mtu. Hili nalo liliniacha nimepigwa na butwaa. Nilikuwa nadhani wananipenda mimi.

Nikalala. Usidhani nasema kulala usingizi. Nililala kitandani macho wazi, mchana na usiku, nimegeukia ukuta. Darasani sikwenda kwa sababu ya magongo, ndivyo nilivyowaambia, lakini magongo hayakuwa sababu. Sikuoga. Nilishika sapu, mitihani ile ya kurudia, na nilikuwa karibu kufukuzwa kwa kufeli, nyinyi mnaita kudisko. Na mwili, Riziki, mwili niliokuwa nauita mali yangu, ulibadilika upesi mpaka nikaogopa. Nilipanda ngazi za bweni siku moja nikakaa katikati nikitweta kama mzee. Kijana wa miaka ishirini na kidogo.

Chumbani nilikaa na mtu mmoja anaitwa Eliakimu, Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya. Mrefu, mwembamba, hana habari na michezo. Tulikuwa hatuzungumzi sana kwa sababu nilikuwa namwona si mtu wa aina yangu. Jioni moja akasimama kando ya kitanda changu, akasema, "Rashidi, inuka tukacheze wavu."

"Huoni mguu huu?"

"Naona. Utakaa kwenye kigoda utuhesabie. Hatuna mtu wa kuhesabu."

Nilikwenda ili anyamaze. Nyuma ya bweni walikuwa wamefunga kamba ya manila baina ya nguzo mbili za kuanikia nguo, ndiyo wavu. Waliokuwa wanacheza ni watu wa kila namna. Kulikuwa na msichana kavaa dera juu ya suruali, na mhadhiri mmoja wa hesabu mwenye kitambi. Kulikuwa na kijana mwenye miwani aliyeikabidhi miwani yake kwa yeyote aliye karibu kila mpira ulipomjia. Sijapata kuona mchezo mbovu namna ile. Mpira ulikwenda kichakani, ulikwenda juu ya paa, ulirudi mgongoni kwa aliyeupiga. Na walikuwa wanacheka.

Nikahesabu kama nilivyoambiwa, kwa haki. Baadaye mhadhiri akauliza, "Ngapi ngapi?" Nikamwambia. Hakuna aliyegeuka kunisikiliza. Walikuwa wameshabadilishana pande, waliokuwa wanashindwa wamechukua watu wa waliokuwa wanashinda, hata hesabu yangu haikuwa na mwenyewe. Nilikasirika kweli. Nikamwambia Eliakimu tukirudi, "Sasa mnacheza kwa faida gani kama hamjui nani kashinda?"

Akafikiri. Akasema, "Mimi nikicheza jioni, usiku napata usingizi. Na kesho yake kuna watu wa kunisalimu."

Nilimdharau kwa jibu lile. Lakini kesho yake nilikuwa kwenye kigoda kabla yao. Na kesho kutwa. Yule mwenye miwani akawa ananikabidhi mimi miwani yake, kisha akawa anakuja chumbani kunisaidia yale niliyokosa darasani. Mhadhiri wa hesabu akanionyesha namna ya kukata rufaa ya mtihani. Hakuna kati yao aliyewahi kuniona nikikimbia. Walinijua kama Rashidi wa kigoda. Plasta ilipotolewa wakanisimamisha nyuma, mahali pa kurudisha mipira iliyotoka, na ndipo nilipoanza kutembea sawasawa, kwa kuokota mipira ya watu wasiojua kucheza. Sapu nilizifanya nikafaulu. Usingizi ukarudi.

Yule wa dera ni mama yako. Alikuwa akianzisha mpira unakwenda nyuma yake. Ataniuliza kwa nini nimekuandikia hili, mwambie alikuwa mzuri kwa mengine yote.

Sasa ona kilichonitoa akili wiki hii. Si kwamba sikujua. Nilijua. Mchezo ulinirudisha kwenye uhai, na si ule wa kushangiliwa. Nilioa kutoka uwanja ule wa kamba ya manila. Kisha nikahitimu, nikaajiriwa, nikapewa filimbi, nikakuzaa wewe, na jogoo wa bibi yako akakimbia kuzunguka nyumba, nami nikarudi pale pale nilipovunjikia kama mtu aliyefunguliwa mlango akaurudisha mwenyewe kwa ndani. Elimu ya michezo nimeifundisha, kuna mtihani wake na vitabu vyake, nimewaambia watoto wa watu kwamba mazoezi ni ya afya na urafiki. Yako niliyafanya ya kwangu.

Ile Jumapili mlangoni pako nilikuuliza swali ambalo nilipaswa kukuuliza ukiwa na meno ya utoto. "Unapenda nini?"

Ukaacha kukunja nguo. "Kuogelea."

"Kuogelea wapi?"

"Baharini. Raskazone. Na Mama."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe siku za wikiendi nikiwa na timu za shule, nyinyi wawili mlikuwa mnakwenda asubuhi na mapema, kabla watu hawajajaa, mmevaa nguo zenu za kujisitiri, mnaogelea mpaka jua linapanda. Miaka. Nilikuwa nikirudi nakuta nywele zako mbichi, nasema mtoto huyu anapenda kuoga.

Na mimi, Riziki, sijui kuogelea. Umelijua hilo jana. Mwalimu wa michezo wa Tanga, bahari iko mlangoni, hajui kuogelea. Pongwe tulikuwa na kisima. Nilipokuja mjini nilikuwa mkubwa, nikaona aibu kujifunza, na aibu ikifichwa sana inakuwa kama kazi ya pili. Wanafunzi wangu hawajui. Mama yako ndiye aliyekuwa anajua peke yake, na kumbe ndiyo sababu alikupeleka huko. Aliniambia jana, "Nilitaka apate mahali ambapo huwezi kumfuata." Alisema bila hasira. Mliponichukua twende wote Raskazone, nilikaa na maneno yale kwenye ngazi za kuteremkia majini, jiwe lina ukoko wa chumvi, nikawatazama.

Mama yako alikwenda na kurudi. Wewe ulilala chali juu ya maji. Ulikuwa huendi popote. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika saa ya kupimia mbio iliyomo mfukoni, kwa mazoea, na hapakuwa na kitu cha kupima. Uso wako ulikuwa umelegea namna ambayo sijapata kuuona. Nilikuwa naujua uso wako ukitoka jasho na ukikaza meno. Huu ulikuwa wa mtu mwingine, mtu mzima, na nilishtuka kwamba mtu huyo anaondoka nyumbani kwangu kesho kutwa na ndiyo kwanza namwona.

Ukaniita. "Baba, ingia."

"Nimevaa suruali."

"Ingia nayo."

Nikaingia mpaka kifuani. Ukaweka kiganja chini ya mgongo wangu kama fundi anayebeba ubao. "Legeza shingo. Usipigane nayo." Nikapigana nayo. Nikazama, nikanywa maji ya chumvi, nikaibuka nakohoa, nawe ukacheka mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Kicheko kile, nakuapia, nilikisikia mara ya mwisho Pongwe.

Mwalimu wa michezo wa chuo nilimpigia Jumatatu. Nilimwambia huji kukimbia. Akauliza kama umeumia, nikasema hapana, ni mzima. Akauliza kama umechukuliwa na chuo kingine, nikasema hapana. Akasema, "Sasa mwalimu, kipaji kile kipotee?" Nikamwambia nitakuachia wewe. Kwa hiyo hakuna anayekungoja uwanjani. Na spaiki nimewapelekea shuleni, kuna msichana wa kidato cha pili anayekuja mazoezini bila kuitwa, na safari hii nilimwuliza kwanza kama anapenda.

Ila nisikilize kidogo, halafu nitanyamaza. Usije ukakaa bwenini ukageukia ukuta ili kunikomoa mimi. Huko hakuna atakayekuamsha. Watu wanatoka kitandani kwenda darasani, kutoka darasani kwenda kwenye simu, na mwili haupigi kelele mpaka siku utakapokaa katikati ya ngazi. Dodoma hakuna bahari, nimelifikiri hilo sana. Tafuta kitu. Tafuta watu wanaocheza vibaya nyuma ya bweni, wapo kila chuo, ukae nao. Na ikitokea asubuhi moja miguu yenyewe ikataka kukimbia, kimbia, usiinyime kwa sababu yangu. Mimi sitauliza. Nikiuliza, usinijibu.

Jana tulipotoka majini tulikaa kwenye ukuta tukala mihogo ya kukaanga, suruali inanidondoka maji. Uliniuliza, "Baba, mguu ulipokatika, ulilia?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mama yangu. Nikakujibu sikumbuki. Nakumbuka, mwanangu. Sikulia siku ulipokatika, wala siku walipokuja kuchukua fulana. Nililia miezi baadaye, nyuma ya bweni. Ilikuwa jioni ya kwanza nimethubutu kuruka na mguu ule. Niliruka, nikaukosa mpira, ukanipiga usoni, nikaangukia matako. Watu wote wakacheka, nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikasikia machozi yanashuka na hayakomi. Eliakimu akaja kunishika mkono, akadhani nimeumia pua. Nikamwambia si pua. Akanikalisha, akakaa na yeye pale chini kwenye vumbi, wengine wakaja wakakaa, mchezo ukasimama, na hakuna aliyeniuliza kitu mpaka nilipomaliza. Kisha mtu akasema, "Haya, mpira wa nani?"

Nakuombea upate watu wa namna hiyo.

Mimi ni baba yako, Rashidi, ambaye jioni hii anakutazama dirishani ukiliingiza lile blanketi kwenye begi.